Dirisha Kati ya Maduka Mawili

Dukani kwa baba kulikuwa na neno moja lililokatazwa, nalo ni "hatuna." Ungeweza kumwambia mteja kwamba bei imepanda, kwamba mzigo umekwama njiani, kwamba kaka yangu ni mvivu na hajafungua maboksi tangu juzi. Lakini hatuna, thubutu. Nilipokuwa msichana mdogo nililitamka mbele ya dereva wa lori, na baba akanitoa nje nikakae barazani mpaka adhana ya adhuhuri, mbele ya mafundi wote wa barabara yetu. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, wakipata mtu wa kumcheka hawamwachi upesi. Mpaka leo yuko mmoja anayenisalimia kwa neno hilo.

Baba hakulikataza kwa kiburi. Alilikataza kwa sababu halikuwa kweli. Kipuri kisichokuwa kwetu kilikuwa kwa jirani, na cha jirani kilikuwa chetu. Mteja anaomba beringi, huna. Unamwambia "ngoja kidogo," unampa kiti, unapenya kwa jirani, unarudi na beringi mkononi kana kwamba umeitoa stoo. Unauza, unabaki na kidogo chako, na jioni unampelekea jirani haki yake. Mteja anajua fika umetoka wapi, wala hajali. Kesho jirani naye atakuja kwako. Hivyo ndivyo barabara nzima ya maduka madogo, mengine hayazidi ukubwa wa chumba cha kulala, ilivyokuwa duka moja kubwa ambalo hata wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique, wenye maghala yao na malori yao, walikuwa wanatuma watu kuja kuulizia.

Sisi tulikuwa na njia fupi kuliko wote. Ukuta kati ya duka la baba na duka la rafiki yake ulikuwa na dirisha. Waliutoboa wenyewe kabla sijazaliwa, wakachomeka fremu ya mbao na kipande cha kitambaa, upana wake kama sinia la pilau. Vipuri vilipita hapo, na chai, na bisbisi, na magazeti ya zamani, na mwezi wa Ramadhani sahani za futari zilipita hapo kwenda na kurudi hata usijue nani kampikia nani. Baba aliliita "duane," forodha, kwa utani, kwa kuwa ndiyo forodha pekee aliyoijua ambayo haitozi kitu. Rafiki yake alimpinga. Alisema inatoza salamu.

Huyo rafiki tulimwita Baba Mdogo, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa kaburini, na yeye ndiye aliyekuja kutufungulia duka baada ya arobaini, mimi na kaka yangu tukiwa tumeduwaa kama watoto, na umri wetu ule. Ni mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache, ana kofia ya kufuma ambayo nadhani alizaliwa nayo. Ukipiga kelele dirishani, "Baba Mdogo, shokapu ya nyuma ya basi dogo!" unasikia kimya. Unarudia. Kimya. Halafu sauti yake inakuja taratibu:

"Mutoto yangu, salamu kwanza. Piesi haikimbie."

Kipuri yeye hukiita piesi. Basi unamsalimia, unamuuliza hali ya mkewe, magoti yake, na ndipo unasikia boksi likivutwa rafuni. Mimi sina subira, sikuzaliwa nayo, na mteja alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama saa. Nilikuwa naghadhibika kila mara. Leo ningelipa niweze kughadhibika namna ile.

Duka lake lilikuwa la ajabu. Alikuwa na vipuri vya magari ambayo hayatengenezwi tena duniani, lakini Bujumbura bado yanatembea. Vingine alinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka mjini zamani, akafunga akarudi kwao. Vingine alivitoa soko kuu miaka mingi kabla halijaungua. Vingine vilitoka Uvira, Kigoma, Dubai, kwenye masanduku ya mahujaji. Kila boksi alilijua kwa kulipapasa. Lakini karatasi hakuwa nayo hata moja, kwa sababu wakati anavinunua hakuna aliyemtaka awe nayo.

Mimi nilisomea uhasibu. Chuoni walitufundisha kwamba mkakati wa biashara unaanza na mteja: anataka nini, ana uwezo gani, nani mwingine anamuuzia. Nikaandika mtihani, nikafaulu, nikarudi Buyenzi nikakuta mkakati unaanza na redio ya asubuhi. Unakunywa chai ukisikiliza imetangazwa nini. Pikipiki zimekatazwa kuingia katikati ya mji: basi mteja wa Rohero hawezi tena kumtuma mtu wa pikipiki aje kuchukua kipuri, na wewe unatafuta kijana wa kwenda kwa miguu. Dola hazipatikani benki: basi huagizi tena nje, unanunua kwa aliyeagiza, kwa bei anayotaka yeye. Mafuta hayapo, foleni za vituo zimelala barabarani, magari yameegeshwa majumbani chini ya turubai: basi nani atanunua pedi za breki za gari lisilotembea? Kaka yangu akaleta minyororo na matairi ya baiskeli, akavitundika mlangoni na ukutani, na ndivyo vilivyotulisha mwaka ule. Mimi nilimcheka siku ya kwanza, halafu nikanyamaza.

Sisi hatupingi matangazo. Siyo desturi ya mji huu, na mwenye akili anajua kwa nini. Mtu anaitikia kwa kichwa, anarudi nyumbani, anafunga mlango, anapanga upya.

Kisha ikaja mashine.

Ilitangazwa kwamba kila mfanyabiashara aliyeandikishwa atauza kwa ankara ya mashine iliyounganishwa moja kwa moja na ofisi ya kodi. Unachonunua unakiingiza, na karatasi yake ya asili. Unachouza mashine inakitoa, na ofisi inaona saa ileile. Tukaitwa Rohero kufundishwa, ukumbi una feni zisizozunguka. Wakubwa wa Asiatique walikaa mbele na suti zao. Sisi wa Buyenzi tulikaa nyuma, na wengi walikuwa wanachezea simu. Kaka yangu alikataa kuja. Nilikwenda peke yangu.

Sitasema uongo: niliifurahia. Nilikuwa nimechoka na biashara ya mdomo. Nilikuwa nimechoka na wale waliouza bila risiti na kutushinda kwa bei kwa sababu hawalipi kitu, halafu jioni wanakuja kukaa barazani kwetu kunywa kahawa yetu. Mkufunzi alisema sasa wote watakuwa sawa mbele ya mashine, na mimi mwenyewe nilipiga makofi, na siyo kwa kuigiza. Nilirudi Buyenzi nimelibeba boksi la mashine mapajani kwenye taksi kama mama aliyetoka kujifungua.

Kaka alilitazama.

"Hii kitu inajuwa kusalimia?" akauliza.

"Inajua kodi," nikamjibu, "ambayo wewe hujui."

Kutoka dirishani tukasikia Baba Mdogo anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

Wiki za mwanzo niliingiza bidhaa zetu zote, usiku na mchana, na nilijivuna. Kisha mteja wa kwanza akaomba kitu tusichokuwa nacho. Ilikuwa taa ya mbele ya gari la shirika moja, na dereva alitaka ankara kwa sababu bila ankara bosi wake hamrudishii pesa. Kaka akanyoosha mkono dirishani, akaipokea taa, akaiweka mezani. Nikaitafuta kwenye mashine. Haimo. Mashine haiwezi kuuza ambacho haijui umekinunua. Dereva akatutazama sisi, akaitazama taa, akaondoka, akaenda Asiatique.

Nilisema moyoni, hili lina dawa. Baba Mdogo naye ajiandikishe, apate mashine yake, aniuzie mimi kwa ankara, nami nimuuzie mteja kwa ankara. Itachelewa kidogo, lakini itakuwa safi. Nikampeleka Rohero mwenyewe. Alivaa kanzu aliyopigiwa pasi na mkewe, na viatu vya sikukuu. Mfanyakazi wa dirishani pale ofisi ya kodi alikuwa kijana mpole, na alijitahidi Kiswahili kwa heshima ya mzee, ingawa ankara aliiita fakture, kwa Kifaransa.

"Mzee, ile fakture ya kununua hizi bintu iko wapi?"

"Fakture? Mi nilinunua kwa mutu."

"Mutu gani?"

"Mugiriki. Alikuwa na duka huku huku mujini. Alisha kurudia kwao."

"Na zingine?"

"Zingine mu soko."

"Soko gani?"

Baba Mdogo akageuka kidogo, akanyoosha kidole upande ulipokuwa soko kuu. Yule kijana akafuata kidole chake kwa macho, ingawa tangu soko liungue huko hakuna kitu cha kuona, kila mtu wa mji huu anajua. Akaweka kalamu chini.

"Bila asili ya mali, mashini haikubali," akasema. "Mi siwezi kuandika kitu bila asili yake."

"Hata kama ni yangu?"

"Hata kama ni yako, mzee."

Tulirudi kwa miguu. Alikuwa anatembea polepole kwa ajili ya magoti, na alipofika kwenye daraja akasimama akasema, bila hasira yoyote, kwamba basi mali yake yote imekuwa ya wizi na yeye hakuiba hata msumari. Nikamwambia sheria haikusema hivyo. Akaniuliza imesemaje. Nikatafuta namna nyingine ya kuisema, sikuipata.

Niseme jambo hapa, kwa kuwa nawajua wasomaji wangu. Yule kijana hakutaka rushwa. Sheria haikutungwa na wajinga. Kulikuwa na wakwepaji, nao walikuwa wengi, na nchi isiyokusanya kodi haiwezi kununua hata dawa. Nayajua yote hayo, niliyafanyia mtihani. Kilichoniuma ni kwamba sheria iliandikwa kwa ajili ya mzigo utakaoingia kesho, na ndani ya mji kulikuwa na wazee wanaoishi kwa mzigo wa juzi. Mwenye ghala Asiatique aliifungua mashine siku hiyohiyo akaendelea. Baba Mdogo hakuwa na pa kuanzia.

Basi duka lake likawa linasinyaa. Mashirika hayanunui pasipo ankara. Wenye taksi walinunua kwake kwa siri siri, lakini taksi zenyewe ziko kwenye foleni ya mafuta. Kilichobaki kwake ni dirisha letu. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia kaka kwamba dirishani hakipiti tena kitu cha kuuza. Chai, sawa. Bisbisi, sawa. Siyo mali.

Kaka yangu aliitikia kwa kichwa. Nimewaambia jinsi watu wa mji huu wanavyoitikia kwa kichwa.

Alichokifanya nilikuja kukijua siku mkaguzi alipoingia. Kila mteja aliyetaka kipuri cha Baba Mdogo na ankara juu yake, kaka alimpa kipuri, halafu kwenye mashine akachagua filta ya mafuta. Tulikuwa na filta nyingi, zinadoda tangu magari yalale. Akizidisha idadi ya filta mpaka ifike bei ya kile kipuri, ankara inatoka, kodi inalipwa kamili, mteja anapata karatasi yake, mzee anapata haki yake. Hakuiba hata senti ya serikali. Kwa akili ya Buyenzi alikuwa ametenda jambo safi kabisa, na kama baba angekuwa hai angemsifu. Hakukumbuka kitu kimoja tu. Filta zenyewe zilikuwa bado zimekaa rafuni.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, sauti ya chini, kishikwambi mkononi. Alisalimia kwa Kirundi, "Amahoro," akakaa pale nilipomkaribisha, akanywa hata maji. Kisha akasimama mbele ya rafu ya filta, akawa anatazama kishikwambi, anatazama rafu, anatazama kishikwambi.

"Mama," akaniambia, "kwa mashini, filta zilisha kuisha. Kwa macho yangu, filta ziko. Donc, basi, hizi zimetoka wapi?"

Nilidhani mashine imeharibika. Nikamgeukia kaka, na uso wake ukaniambia yote kabla hajafungua mdomo.

"Filta ni zetu," akasema. "Za zamani. Si hatukuziuza! Tuliuza pompu."

"Pompu gani?"

"Pompu ya maji. Na rotule ya usukani. Na taa."

"Zenu?"

"Apana. Za Baba mudogo."

"Baba mudogo ni nani?"

Kitambaa cha dirishani kikasogea, na kofia ya kufuma ikatokea.

"Ni mimi," akasema mzee. "Amahoro, patron. Umeamukaje?"

Naapa mkaguzi aliruka. Hakuwa ameliona lile dirisha, lilikuwa limejificha nyuma ya minyororo ya baiskeli. Na Baba Mdogo, ambaye siku zote alihitaji salamu mbili ndipo atoe neno, siku ile akaona kwamba watoto wa rafiki yake wamo taabuni, akaamua kuwaokoa kwa ukweli. Akaeleza kila kitu. Dirisha lilitobolewa lini na nani. Namna mali inavyopita. Namna jioni anavyoletewa chake bila kupunjwa, hata marehemu baba yetu hakumpunja, hata hawa watoto hawajampunja. Alikuwa anatusifu. Kila sifa aliyoitoa ilikuwa inaandikwa kwenye kishikwambi, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitamani anyamaze, na nikimpenda, yote mawili kwa pamoja.

Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza.

"Mzee, mi nakuelewa," akasema. "Hata kwetu ku mulima batu banasaidiana. Lakini kwa sheria, hii haiitwi kusaidiana. Hii inaitwa duka moja yenye kuficha nusu ya mali yake."

Tulitozwa faini, tukailipa, na sitaki kuizungumzia. Kilichokuwa kizito kuliko faini ni maneno ya mwisho ya mkaguzi. Angerudi. Akirudi akute maduka mawili yaliyotengana kabisa, hata mteja tusimwelekeze kwa mzee, au atafunga kufuli. Lakini asingefunga letu peke yake. Angefunga yote mawili, na mali yote ya Baba Mdogo ingechukuliwa, kwa kuwa haina asili.

Nilihangaika. Nilirudi Rohero kuuliza kama tunaweza kuunda ushirika, sisi na yeye, jina moja, mashine moja. Inawezekana, waliniambia kwa upole, mradi ushirika uanze kwa kutangaza mali yake na asili yake. Nikauliza kama naweza kuinunua mali yote ya mzee kwa mkupuo mmoja. Naweza, mradi aniuzie kwa ankara. Nikauliza kama kuna msamaha kwa mali ya zamani. Mama mmoja wa ofisini, ambaye naamini alinionea huruma kweli, akasema jambo hilo limeshapelekwa juu. Nilimuuliza juu wapi. Akaonyesha dari.

Adhuhuri moja mimi na kaka tukagombana vibaya. Mimi nilitaka dirisha lizibwe kwa matofali, yeye alitaka tuweke kabati mbele yake.

"Kabati inasogea," akasema. "Akikuja, inafunika. Akienda, inafunguka."

"Na akisogeza kabati?"

"We unataka kumuua mzee. Sema tu."

"Na wewe unataka tufungiwe wote! Wakija kumchukulia mali yake utasimama wapi? Utawaambia ni filta?"

"Baba asingefunga ile dirisha."

"Baba hakuwa na mashine!" nikapiga kelele. "Baba amekufa! Mimi ndiye niliyebaki na duka hili, na wewe uliyebaki na ujinga wako!"

Nilisema hivyo, na ningesema tena. Mpaka leo sioni kwamba nilikosea hesabu. Duka moja lililosimama ni bora kuliko mawili yaliyofungwa, na mali ya mzee ikibaki ndani kwake, hata isiyouzika, bado ni yake. Nilikuwa sahihi.

Kesho yake asubuhi nikamsalimia dirishani. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, namna ya kuanza, namna ya kumweleza. Hakuningojea nianze.

"Fundi wa matofali utamuleta siku gani?" akaniuliza.

"Nani amekuambia, Baba Mdogo?"

"Mutoto yangu, dirisha iko wazi. Nilisikia yote."

Niliomba radhi kwa yale maneno juu ya baba. Akasema kweli baba amekufa, hilo siyo tusi. Akaniambia nimlete fundi mapema, kabla jua halijawa kali, na nimwambie atumie matofali ya kuchoma siyo ya udongo mbichi, maana upande wake panavuja mvua zikija. Akanielekeza na kwa nani nikayanunue. Alilizungumzia kama mtu anayepanga kupaka rangi.

Fundi alipokuja, mke wa Baba Mdogo akapitisha dirishani sahani ya maandazi na vikombe vya chai, kwa ajili yetu na kwa ajili ya fundi. Kaka yangu hakuwepo. Alisema anakwenda kutafuta mafuta, na sisi gari hatuna. Fundi akala, akang'oa fremu, akachanganya saruji, akaanza kupanga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kwenye nafasi iliyobaki niliiona kofia, kisha nusu ya kofia. Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama upande wa barabara, siyo upande wetu. Nilitaka ageuke. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri, akaniuliza kaka yangu hajambo, na fundi akaweka tofali la mwisho.

Ndipo nikaona sahani imebaki kwetu.

Niliiosha, nikatoka nayo barabarani, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wake wa mbele. Maisha yangu yote sikuwa nimezoea kuingia kwa mlango ule, sikuwa na haja nao. Akasimama kwa taabu, akavuta stuli, akaipangusa kwa mkono.

"Karibu, mugeni," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyomkaribisha yeyote anayepita mlangoni. Nilikaa kidogo, nikaiacha sahani, nikaenda zangu nikalia chooni, kwa kuwa dukani kulikuwa na wateja.

Mkaguzi alirudi kama alivyosema. Akaugusa ukuta kwa vidole, plasta ilikuwa bado haijapakwa rangi. Akatushukuru. Kwenye mkutano wa wafanyabiashara uliofuata, duka letu lilitajwa miongoni mwa yale yaliyojirekebisha, na watu wa mbele wakageuka kunitazama. Sasa nina mkakati kama ule wa kitabuni. Tunaweka vitu vichache vinavyotoka haraka, tunanunua Asiatique kwa ankara, tunauza kwa ankara, rafu ni nyeupe na zina nafasi. Barabara yetu nzima imekuwa hivyo, kila mtu na chake. Mteja akikosa kipuri hapewi tena kiti angoje kitoke kwa jirani. Anashika njia ya Asiatique, na huko anakipata, kwa sababu huko kuna maghala, na anakilipia bei wanayoitaka wao.

Baba Mdogo anafungua bado. Ubao mmoja wa mlango tu, anakaa ndani na mali yake. Mkewe anakaanga sambusa barazani, na sambusa ndizo zinazowalisha. Kaka yangu anazinunua nyingi kuliko anavyoweza kula. Na mimi anazungumza mambo ya duka tu.

Juzi akaja dereva wa taksi, mzee mzee kidogo, na gari lake limekongoroka lakini alikuwa amepata mafuta, na alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mafuta. Injini inachemka, akasema. Akaegemea meza.

"Mama, pompu ya maji ya hii gari yangu iko?"

Nilijua iko wapi. Rafu ya pili, boksi la kijani lililokatika kona, la wakati wa Mgiriki. Nilijua hata sauti yake likivutwa. Kaka yangu aliacha kufunga mnyororo aliokuwa anaufunga, akanitazama.

"Hatuna," nikasema.

Upande wa pili wa ukuta kiti kikalia. Nikasikia hatua zake zile za magoti mabovu, kisha boksi likivutwa kwenye rafu, taratibu, kama zamani. Sote watatu tulilisikia. Likafika mwisho wa rafu, likasimama hapo. Dereva akaniuliza basi akatafute wapi, nikamwambia Asiatique, akaaga, akatoka. Na alipokwisha kutoka nikalisikia boksi likisukumwa kurudi mahali pake.